Somo la kusukuma lianzie kliniki, si leba

Amri inayosikika sana leba ni ya kubana pumzi na kusukuma kwa nguvu zote. Kwa wengi wa uzazi wa kwanza hilo ndilo somo lao la kwanza la kujifungua, na wanalipata saa ambayo hakuna binadamu anayeweza kujifunza chochote. Lihamishiwe kliniki ya wajawazito, na lianze na sehemu kama Chome, huko juu Upare chini ya kilele cha Shengena, ambako mama aliyeishiwa nguvu hana hospitali ya wilaya jirani. Iko Same, na kuifikia ni kuteremka mlima.

Nguvu hizo huishia wapi? Mara nyingi katika kusukuma mapema. Mlango wa kizazi hufunguka mpaka sentimita 10, na kabla ya hapo kusukuma humchosha mama bure. Kazi yake kipindi hicho ni kupumua: avute hewa taratibu, aitoe polepole kwa mdomo, alegeze mabega na taya, apumzike uchungu unapoachia. Njia ikishafunguka yote, msukumo huja wenyewe, kama wa haja kubwa, naye aufuate kwa vipindi vifupi huku akipumua. Kichwa kinapotokeza, mkunga humwambia aache kusukuma na ahemee juu juu, msamba utanuke bila kuchanika vibaya. Tangu 1979 Roberto Caldeyro-Barcia, daktari wa Uruguay, alionya kuwa kubana pumzi muda mrefu hupunguza oksijeni ya mtoto, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unataka mama ahimizwe kufuata msukumo wake mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba amri ya mkunga humaliza kazi haraka, na kwamba mlimani haraka ni uhai. Hoja hiyo ina uzito, lakini ushahidi hauibebi: mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2017 hayakuona tofauti ya wazi kati ya kusukuma kwa amri na kusukuma kwa hiari katika muda wa kujifungua wala kuchanika. Uchungu pingamizi, yaani mtoto anaposhindwa kupita njiani, hautatuliwi kwa kelele; unatatuliwa kwa kugunduliwa mapema na kumsafirisha mama. Mapigo ya moyo wa mtoto yakishuka, hapo mkunga aamuru, na mama aliyefundishwa atamwelewa upesi zaidi. Wengine watasema wauguzi ni wachache. Ni kweli, na ndiyo sababu nasema kliniki: wajawazito huketi pale kwenye mabenchi wakingoja kupimwa, na dakika chache za zoezi la pamoja hazihitaji kifaa wala bajeti. Mume anayeitwa kupima damu na mkewe afundishwe pia. Leo wengi hurudi nyumbani wakijua majibu tu, basi.

Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa 2022, wanawake 81 kati ya 100 nchini hujifungulia vituoni. Wametuitikia, wamekuja. Waganga wafawidhi wa zahanati za Upare waliingize zoezi hili katika siku za kliniki, na mjamzito asiyefundishwa aulize mwenyewe. Dharura ikitokea, namba ya m-mama, huduma ya kumsafirisha mjamzito wa dharura, ni 115, na simu hailipiwi.