Presha si ya mabosi peke yao

Kuna sifa moja tunayopeana sisi wabeba boksi wa hapa Uingereza ambayo sioni haya kuipinga: sifa ya kuunganisha shifti. Mtu anakesha kwenye nyumba ya wazee, anapitiliza na zamu ya asubuhi, halafu harusini anatajwa kama shujaa. "Yule bwana mchapakazi!" Kweli mchapakazi, na uso wake unasema hivyo hivyo: ana miaka 42, watoto wanamwamkia babu.

Tukitajiwa presha na moyo, tunajibu kwamba hayo ni maradhi ya wakubwa wenye ofisi na mawazo mengi. Jamani, jambo hili limeshapimwa, tena hapa hapa London. Uchunguzi wa Whitehall, ulioanza mwaka 1967, uliwafuatilia watumishi wa serikali wanaume wapatao 18,000. Waliokufa zaidi kwa maradhi ya moyo hawakuwa wakurugenzi, bali matarishi na wenzao wa vyeo vya chini, na sigara haikutosha kueleza tofauti yote. Uchunguzi wa pili, ulioanza 1985 chini ya Michael Marmot, ulionyesha sehemu ya sababu: kutokuwa na kauli juu ya kazi yako mwenyewe. Sasa nani hana kauli kuliko anayepigiwa simu na wakala saa kumi na moja alfajiri?

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na lile la Kazi yalikadiria kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35 ile ya anayefanya saa 35 hadi 40. Wangapi kati yetu wanazimaliza saa 55 kabla ya Ijumaa?

Na kuzeeka mapema si maneno ya kijiweni. Mwaka 2004 Elissa Epel, Elizabeth Blackburn na wenzao walipima chembe za damu za akina mama wanaouguza watoto wenye maradhi ya kudumu. Kadiri mama alivyouguza miaka mingi, ndivyo ncha za kromosomu zake zilivyokuwa fupi, dalili ya chembe kuchakaa. Na kazi yenyewe tunaijua.

Mtasema nyumbani wanasubiri: ada, dawa za mama, bati la nyumba ya Mbagala. Najua, na mimi natuma. Lakini ni lini tulimwambia mtu kwamba mwezi huu hakuna? Kusafirisha maiti tunachanga kwa siku tatu. Kumlipia mwenzetu kodi ya wiki mbili apumzike akiwa hai, sijaona bado.

Kanuni za kazi za mwaka 1998 zinampa mfanyakazi, kwa kawaida, saa 11 za mapumziko kila siku, na anayekesha kazini ana haki ya kupimwa afya bure kwa gharama ya mwajiri. Ukiwa na mawakala wawili usitegemee wakuhesabie saa zako. Wewe ndiye mwenye kalamu. Mkutano ujao wa jumuiya nitauliza wangapi wameshaidai haki hiyo, kabla kapu la michango halijapita.