Mitungi Iliyotupwa na Kilimo Bila Udongo

Tabaka yajulikana duniani kwa mawe yake laini ya kuchonga. Lakini ye yote apitaye huko leo ataona pia mitungi ya plastiki, chupa na ndoo zilizopasuka, zimelala mitaroni na katika mashimo ya mawe. Marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza tarehe 28 Agosti 2017, na mifuko ikapungua kweli. Mitungi na chupa hazikuguswa na sheria hiyo, nazo zingali nasi.

Siku hizi twasikia sana habari za kilimo bila udongo, ambacho wataalamu hukiita haidroponiki, na wako wauzaji wa vyombo vyake wanaodai fedha nyingi. Shauri langu kwenu wakulima ni kwamba msinunue chombo. Chombo kimetupwa mtaroni.

Ninyi wa Nyansiongo na skimu nyingine za Borabu mwaweza kusema kuwa haya ni mambo ya Tabaka, ambako ardhi ni haba. Lakini mashamba yenu yaliyopimwa miaka ya 1960 yamegawanyiwa wana, na wana wamewagawia wajukuu. Mwenye nusu ekari iliyojaa chai atapanda wapi mboga za nyumbani? Ndiyo maana twaona mama mwenye shamba akinunua sukuma wiki sokoni.

Kazi yenyewe si ngumu. Chukua mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita 20, uoshe kwa sabuni, uulaze ubavu, kisha ukate matundu mawili au matatu juu, kila moja likitosha kushika kikombe cha yogati kilichotobolewa chini. Ndani ya kikombe tia kokoto ndogo na mche. Usitumie unga wa mawe ya Tabaka, maana hushikamana na kuizuia hewa. Vikombe vikae vizuri bila nafasi pembeni, mbu wasije wakataga humo. Milima yetu ya Kisii imekwisha kuijua malaria. Mwanga nao usiingie, kwa kuwa maji yatageuka kijani, basi ufunike mtungi kwa gunia au uupake rangi.

Maji yenye chakula cha mmea yaguse kitako cha kikombe siku ya kwanza tu. Mmea ukinywa, maji hushuka na mizizi ya juu hupata hewa. Hapa ndipo mtu mwenye bidii huharibu: aona maji yamepungua, ayajaza tena mpaka juu, na mizizi yakosa pumzi. Njia hii ilienezwa na Bwana Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii, Marekani, nayo haihitaji pampu wala umeme.

Sasa nasema jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Mbolea ya chai ya 26:5:5 haifai kutiwa katika maji hayo. Shambani, vijidudu vya udongo huibadili nitrojeni yake; katika mtungi hakuna udongo wa kuifanya kazi hiyo, na mizizi huungua. Tena mmea wataka kalsiamu, magnesiamu, chuma na vinginevyo, ambavyo shambani hupatikana udongoni. Chumvi zilizochanganywa kwa ajili ya kazi hii zapatikana kwa fedha. Wakuzaji wa maua wa Naivasha wanaopanda waridi katika mawe mepesi ya volkeno wana watu wa kupima maji yao. Wewe una nani?

Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba mwenye ng'ombe asihangaike na chumvi. Atoboe mtungi huo huo chini, aujaze udongo na samadi iliyooza, na apande chinsaga au managu mlangoni mwa jiko, ambako maji ya kuoshea mboga yatatosha kumwagilia. Watu wa Kibera, Nairobi, walipanda mboga katika magunia kwa njia kama hii, hasa baada ya ghasia za 2008, nao hawakuwa na hata hatua moja ya shamba. Kilimo cha maji matupu nawaachia wenye fedha ya chumvi na saa ya kuangalia kila siku.

Lakini katika njia zote mbili, mtungi uliokuwa na dawa ya magugu au ya wadudu usitumiwe kamwe. Najua unavutia: ni mgumu, una kizibo kizuri, na ukioshwa huonekana safi. Plastiki hunywa dawa, na sabuni na maji ya moto hayaiondoi yote. Mtungi wa namna hiyo usuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yamiminwe katika pampu ya kunyunyizia na yatumike shambani, kisha utobolewe ili asije mtu akauchotea maji. Bwana Shamba wako atakueleza pa kuupeleka. Na usiununue sokoni mtungi ambao hujui ulikuwa na nini, hata kama bei ni ndogo.

Mitungi yenyewe haidumu milele. Jua huikausha, na baada ya miaka michache hupasuka. Vipande vikusanywe mahali pamoja na apewe mnunuzi wa plastiki kuukuu akipita, wala visiwashiwe moto jikoni, maana moshi wake ni mbaya kwa mama na watoto waliokaa karibu na mafiga.