Mbolea ya Ruzuku: Jina ni la Nani?

Wasomaji wenzangu, naomba nafasi katika kurasa hizi za chama chetu nitoe dukuduku langu kuhusu mbolea ya ruzuku. Najua wengine mtasema, "Huyu naye! Mbolea na Kiswahili wapi na wapi?" Basi jueni kwamba mbolea ndiyo karo yangu, na bila karo nisingekuwa chamani.

Sisi wa Trans Nzoia tunaishi kwa mahindi. Serikali ilipopunguza bei ya mfuko wa kilo 50 mnamo Septemba 2022 kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500, na mwaka wa 2023 ikaishusha tena hadi 2,500, kwetu ilikuwa shangwe. Siibezi hatua hiyo hata kidogo. Utaratibu wenyewe ni huu: mkulima hujiandikisha kwa chifu au naibu wake, akataja ekari zake, nambari ya kitambulisho na ya simu. Wakati ukifika, ujumbe huingia kwenye simu hiyo ukieleza amegawiwa mifuko mingapi, naye huenda na kitambulisho chake ghalani kulipa na kuchukua.

Lakini anayeandikishwa ni nani? Hapo ndipo mambo yalipochacha. Kwetu anayeamka alfajiri na jembe ni mama. Shamba ni ekari mbili za marehemu babu, na hati ingali kwa jina lake. Siku ya kuandikisha, wazee wa ukoo walikaa wakaamua jina liwe la baba mdogo, eti ndiye mwanamume wa boma. Baba mdogo anafanya kazi Nairobi. Mkono wake haujashika jembe tangu nikiwa darasa la tatu. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Mama amechumia juani miaka yote, na kivuli sijakiona.

Machi 2024 ujumbe ukaingia kwenye simu ya baba mdogo. Akadhani ni wale matapeli wa "umeshinda", akaufuta. Lo! Sisi huku tunangoja, mvua inanyesha, majirani wanapanda, mama anakwenda ghalani na kurudi mikono mitupu. Aliambiwa jina lake halimo, na kweli halikuwamo. Mwishowe aliuza mbuzi, akanunua mfuko mmoja kwa bei ya duka, akautandaza kwenye ekari zote mbili kama mtu anayetia kijiko kimoja cha chumvi katika sufuria ya harusi. Mwaka uliotangulia tulivuna magunia 34. Mwaka huo, 19. Hesabu iliyobaki niliimalizia nyumbani, nilipofukuzwa wiki tatu kwa ajili ya karo.

Mwaka huo huo nchi ilichemka kwa habari za mbolea bandia. Bunge la Taifa lilipiga kura kumwondoa waziri wa kilimo, kisha kamati teule ikachunguza na kumwondolea lawama. Ilikuwa haki watu kuuliza kilichomo ndani ya mfuko. Ila mfuko huo uliandikiwa jina la nani, sikusikia mtu akiuliza.

Rafiki yangu wa bweni ananiambia kosa si la serikali, ni la ukoo wetu. Nakubali nusu. Wazee walikosea, na baba mdogo tutaonana naye Krismasi. Lakini anayeandika orodha ni mtu wa kijiji kile kile, anajua vyema nani hulima na nani hupiga gumzo. Kwa maoni yangu aulize swali moja tu: "Nani atapanda?" Aandike jina na simu ya huyo, hati iwe ya nani iwe. Halafu orodha ibandikwe kwenye ofisi ya chifu kabla ya mvua ya Machi, kila mtu ajisomee, na mwenye kulalamika alalamike mapema.

Novemba iliyofuata mama alikwenda mwenyewe akajiandikisha kwa simu yake, ile mulika-mwizi. Wazee walinung'unika siku mbili. Nanyi mtakaokwenda likizo ya Desemba, ulizeni nyumbani: jina lililo kwa chifu ni la nani, na laini ya simu iko mfukoni mwa nani?