Tuache kuwanywesha kuku dawa zetu

Kuna desturi moja inayoenea mijini na mashambani ambayo sisi madaktari wa watu tumeinyamazia kwa muda mrefu, tukidhani kwamba ni kazi ya wenzetu wa mifugo. Ni desturi ya kutia antibiotiki katika maji ya kuku wasio wagonjwa, eti watage zaidi, wanenepe haraka au wasishikwe na maradhi.

Maoni yangu ni kwamba desturi hii ni hatari kwa familia inayofuga kuku hao na kwa majirani wanaonunua mayai. Fauka ya hayo, mfugaji mwenye kuku 10 au 50 nyuma ya nyumba anaweza kuiacha leo bila kupata hasara yoyote.

Si nia yangu kumkatisha mtu tamaa. Yai moja lina takriban gramu 6 za protini, pamoja na vitamini A na vitamini B12 ambazo mtoto aliyeanza kula anazihitaji sana. Isitoshe, akina mama wengi hulipa karo na kununua sabuni kwa pesa za mayai. Ni kwa sababu kuku ni muhimu hivyo ndipo tunapaswa kuwatunza kwa njia isiyotudhuru wenyewe.

'VITAMINI' ZISIZO VITAMINI

Ingia katika duka la dawa za mifugo useme kuku wako wamepunguza kutaga. Aghalabu utapewa pakiti au mkebe wenye picha ya kuku na mayai, na kuambiwa kwamba hizo ni vitamini. Kabla ya kulipa, soma maandishi madogo yaliyo nyuma. Katika baadhi ya mikebe hiyo, pamoja na vitamini utakuta oksitetrasaiklini, eritromaisini, streptomaisini au kolistini.

Hizo ni antibiotiki. Oksitetrasaiklini ni ndugu wa doksisaiklini, dawa tunayowapa wagonjwa wa kipindupindu na wa homa ya maziwa mabichi, yaani bruselosisi. Eritromaisini humfaa mgonjwa ambaye mwili wake haupatani na penisilini. Streptomaisini ilikuwa dawa ya kwanza kushinda kifua kikuu. Nayo kolistini tunaiweka akiba kwa mgonjwa mahututi hospitalini ambaye dawa nyingine zote zimeshindwa kumsaidia.

Hebu fikiri, msomaji. Dawa ambayo daktari wa hospitali kuu huitumia kwa tahadhari kubwa, na tena akiwa hana jingine la kufanya, inakorogwa kwa kijiko ndani ya ndoo ya kuku wazima.

Mwaka 2015 wataalamu wa China walitangaza kwamba wamepata chembe ya urithi inayovipa viini nguvu ya kuhimili kolistini. Waliipata katika nguruwe, katika nyama iliyokuwa ikiuzwa, na pia katika wagonjwa hospitalini. Kilichotisha zaidi ni kwamba chembe hiyo huweza kuruka kutoka kiini kimoja hadi kingine. China ilipiga marufuku kolistini kama dawa ya kunenepesha mifugo mwaka 2017.

JINSI USUGU UNAVYOZALIWA

Ndani ya matumbo ya kuku mmoja mna viini vingi visivyohesabika. Ukimpa dawa kidogo kidogo kila wiki, vile dhaifu hufa na vile shupavu husalia, vikazaana. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya kuhusu hatari ya dozi ndogo alipopokea Tuzo la Nobel mwaka 1945. Imepita miaka mingi, na sisi bado tunapima dawa kwa vifuniko vya soda.

Viini hivyo sugu havikai bandani. Hutoka na kinyesi, vikashika mikono ya anayeokota mayai, viatu vya watoto na kisu cha kuchinjia. Mbolea hiyo tunaitia katika sukuma wiki. Mtoto mchanga anayetambaa uani hutia mkono kinywani, na safari ya kiini inakamilika.

Katika chumba changu cha matibabu huja wagonjwa, hasa wanawake, wenye maambukizi ya njia ya mkojo ambayo dawa za kawaida haziyagusi. Mama mmoja kati yao, mfugaji, aliweka kikapu chake sakafuni, na ndani yake niliona pakiti ya unga wa manjano. Nilipomwuliza ni wa nini, alinijibu: "Daktari, ni wa kuku. Nawapa kila Jumatatu, kama kinga." Siwezi kudai kwamba kiini kilichomsumbua kilitoka bandani mwake. Lakini dawa aliyowapa kuku ni ya jamii ile ile tunayoitegemea sisi, na haikuwa kinga ya chochote.

Kuna pia jambo la mabaki. Dawa anayokunywa kuku huingia katika mayai na nyama kwa muda fulani. Moto wa jikoni huua viini, lakini haumalizi mabaki ya kila dawa. Ndiyo maana mikebe huandikwa siku za kusubiri kabla ya mayai kuliwa au kuku kuchinjwa. Dawa nyingine haziruhusiwi kabisa kwa kuku wanaotaga. Ni wafugaji wangapi hutupa mayai ya siku hizo? Wengi huyauza, nasi tunayanunua.

Nchi za Muungano wa Ulaya zilipiga marufuku antibiotiki zote za kukuzia mifugo kuanzia Januari 1, 2006. Shirika la Afya Duniani lilitoa ushauri kama huo mwaka 2017, na mwaka uo huo Kenya ikazindua mpango wake wa kitaifa wa kupambana na usugu wa dawa. Kilichobaki ni kuufikisha mpango huo kwenye banda la nyuma ya nyumba.

BASI KUKU APEWE NINI?

Kuku anayepunguza kutaga aghalabu anadai kitu ambacho hakimo katika mkebe wowote wa antibiotiki.

Kwanza ni maji. Takriban theluthi mbili ya yai ni maji. Kuku wa mayai hula kiasi cha gramu 110 hadi 120 za chakula kwa siku, na hunywa maji yenye uzito wa karibu mara mbili ya hapo, na zaidi wakati wa joto. Akikosa maji mchana mmoja tu, mayai hupungua.

Pili ni madini ya kalisi. Ganda la yai moja lina karibu gramu 2 za kalisi. Kuku asipoipata katika chakula, huitoa katika mifupa yake mwenyewe, kisha hutaga mayai yenye ganda laini au huacha kutaga. Mpe chokaa ya mifugo au makombe ya chaza yaliyopondwa, katika chombo cha kando, naye atakula kadiri anavyohitaji. Maganda ya mayai ya jikoni pia yanafaa, mradi uyakaange yakauke na kuyaponda kabisa, asijifunze kula mayai yake. Lakini vifaranga wasipewe chakula cha kuku wa mayai, kwa kuwa kalisi nyingi huharibu figo zao.

Tatu ni protini. Chakula cha kuku anayetaga chahitaji protini ya asilimia 16 hadi 18, na pumba za mahindi pekee hazifikii hapo. Changanya omena na mashudu ya alizeti. Chekecha omena kwanza ili mchanga utoke, na usizidishe, la sivyo mayai yatanuka samaki.

Nne ni majani mabichi. Sukuma wiki, mchicha na majani ya kunde huwapa kuku vitamini, na ndiyo yanayoleta ule ukoo wa yai wenye rangi ya manjano iliyokolea ambayo wanunuzi huipenda.

Tena kumbuka kwamba kuku anayebadilisha manyoya, anayeatamia au aliyezeeka hupunguza kutaga kwa maumbile yake. Hakuna dawa ya hali hiyo.

MAHINDI YALIYOOZA SI YA KUKU

Hapa napenda kusema kwa sauti kubwa. Katika nyumba nyingi, mahindi yenye ukungu hayatupwi, bali hutiwa kando "yawe ya kuku". Ukungu huo huweza kuwa na sumukuvu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwaua watu 125 kati ya wagonjwa 317 waliojulikana nchini, wengi wao katika Makueni na Kitui.

Ulimwengu uliifahamu sumukuvu kwa sababu ya ndege wa kufugwa. Mwaka 1960 nchini Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, ikagundulika baadaye kwamba walilishwa mashudu ya njugu karanga yenye ukungu. Kuku anayekula sumu hiyo kidogo kidogo huharibika ini, hupunguza kutaga, na mwili wake hukosa nguvu ya kupigana na maradhi hata baada ya chanjo. Mwenyewe akiona kuku wamedhoofika, hukimbilia antibiotiki, ilhali ugonjwa umo ndani ya gunia.

KAZI ZA KILA SIKU

Ufugaji bora ni kazi ndogo ndogo zisizorukwa. Asubuhi, mwaga maji ya jana, sugua chombo kwa brashi na ujaze maji safi. Usiongeze mapya juu ya yaliyolala. Unapotia chakula, simama kidogo utazame. Yule ambaye hakukimbilia chakula ndiye wa kuchunguzwa. Angalia na kinyesi pia, maana kinyesi chenye damu kwa vifaranga ni dalili ya kumwita mtaalamu siku hiyo hiyo.

Mchana, okota mayai, geuza vumbi la mbao lililo sakafuni na uondoe sehemu yenye unyevu. Unyevu ndio mama wa kuhara kwa vifaranga. Jioni, hesabu kuku na ufunge banda vizuri. Mara moja kwa wiki, badilisha nyasi za viota, kagua nyufa za mbao kama kuna utitiri, na uweke majivu makavu mahali ambapo kuku watajigaragaza.

Kwa upande wa afya ya watu, weka viatu maalumu vya bandani na uviache huko. Nawa mikono kwa sabuni kila utokapo. Usilaze kuku jikoni wala katika chumba wanamolala watoto. Pika mayai hadi ukoo ugande.

Halafu kuna chanjo. Ugonjwa unaomaliza kuku wengi wa kienyeji ni kideri, ambao wengine huuita mdondo. Huo huletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi hata ukimpa kuku mkebe mzima. Chanjo yake hutengenezwa humu nchini na taasisi ya KEVEVAPI, na huhitaji kurudiwa kila baada ya miezi michache, jinsi mtaalamu atakavyoelekeza. Kwa kuwa chupa moja aghalabu hutosha kuku 100 au zaidi, majirani wenye kuku 10 kila mmoja wanaweza kuchangishana na kuchanja siku moja.

Kuku akiugua kweli, mtenge na umwite daktari wa mifugo. Akikuandikia antibiotiki, itumie kwa kipimo chake na kwa siku zake zote, kisha usile wala kuuza mayai mpaka siku za kusubiri ziishe. Kuku aliyekufa mwenyewe azikwe au achomwe. Asiingie chunguni hata nyumba ikiwa na njaa ya nyama.

LAWAMA SI YA MAMA PEKE YAKE

Najua nitaambiwa kwamba daktari wa mifugo hapatikani, na akipatikana ada yake inazidi bei ya kuku. Ni kweli. Zamani afisa wa mifugo wa serikali alifika hadi tarafani. Tangu huduma hizo zianze kuachiwa watu binafsi mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, mwenye duka ndiye amekuwa daktari, na riziki yake hutokana na mikebe anayouza. Mama anayepoteza kuku 20 kwa wiki moja hawezi kungoja mtu asiyekuja.

Kwa hivyo nasema na serikali za kaunti, ambazo zimekabidhiwa huduma za mifugo tangu 2013. Ajirini maafisa wa mashinani, mfadhili chanjo ya kideri, na mhakikishe kwamba antibiotiki haiuzwi kama peremende. Kwa wenye maduka nasema: msimwite mtu mnunuzi wa vitamini hali mnamwuzia kolistini.

Nawe mfugaji, ukienda dukani wiki hii, soma mkebe. Ukiona mojawapo ya majina niliyoyataja, na kuku wako ni wazima, urudishe. Nunua chokaa na kilo moja ya omena, kisha urudi nyumbani ukasugue chombo cha maji. Dawa hizo tuziache zilale kabatini, zitufae siku mtoto atakapougua.