Kura ya rais bondeni Kilombero
Mkulima wa mpunga wa Ifakara, Tanzania, humpigia rais kura yake moja kwa moja kila baada ya miaka 5, kwa kawaida Oktoba, kiangazi, kabla mvua hazijalijaza bonde. Kidole kikishapakwa wino na kituo kikifungwa, kura huhesabiwa papo hapo mbele ya mawakala wa vyama, na matokeo hubandikwa nje kila mtu ayasome. Mwaka 2015 John Magufuli alishinda nchini kwa asilimia 58.46, huku majimbo ya Kilombero na Mlimba yakichagua wabunge wa CHADEMA, chama cha upinzani: wapiga kura wa bonde hili wanajua kuchambua. Kasoro iko mwishoni mwa safari ya kura. Matokeo ya ubunge hupingwa Mahakama Kuu. Ya urais, yakishatangazwa na Tume ya Uchaguzi, ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama yoyote kuyachunguza. Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua kwamba ibara hiyo inavunja haki ya mtu kusikilizwa. Ibara hiyo ifutwe.