Haki ya Mdai na Dhiki ya Mdaiwa

 

Ndugu Waislamu, huulizwa mara kwa mara: aliyeshinda kesi ya deni, je, yafaa aombe fedha za nduguye zikamatwe benki?

Nchini Kenya, Mahakama ya Kadhi haisikizi kesi za madeni ya biashara. Mdai huenda katika mahakama za kawaida, na deni lisilozidi shilingi 1,000,000 laweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo. Akipata hukumu na asilipwe, Kanuni za mwaka 2010 za kesi za madai humruhusu kuomba amri dhidi ya benki. Fedha iliyo katika akaunti ni deni ambalo benki inadaiwa na mteja wake. Kwa hivyo mahakama huiamuru benki izuie fedha hizo, kisha ifike kueleza kwa nini isimlipe mdai.

Sharia haipingi jambo hili. Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa mwenye uwezo anayechelewesha deni ni dhalimu. Imamu Abu Hanifa, ambaye hakukubali kadhi auze bidhaa za mdaiwa kwa nguvu, alikubali kuwa deni likiwa la fedha na fedha za aina hiyo zipo, kadhi alipe kwazo. Basi mdai asione haya kudai haki yake. Naye anayehamishia fedha katika akaunti ya mkewe ili asilipe, ajue kuwa hata shahidi husamehewa dhambi zake isipokuwa deni.

Lakini si kila mdaiwa ni mkaidi. Katika Suratul Baqara, aya ya 280, Mola ameamrisha mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Hapa ndipo penye mtihani wa mdai. Salio la benki huonyesha kiasi cha fedha tu. Halionyeshi kuwa ndiyo karo ya watoto au dawa ya mzazi. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, hata pale mali ya aliyefilisika inapogawiwa wadai, wamesema aachiwe mavazi yake na chakula cha siku hiyo, yeye na anaowalisha.

Kwa hivyo, kabla ya kuomba amri, mdai amwite mdaiwa mbele ya wazee, achunguze hali yake. Mwenye dhiki akubaliwe kulipa kidogo kidogo. Hata mahakama huruhusu hivyo ikiona sababu ya kutosha. Mdaiwa naye asijifiche wala asikatae simu, kwani kimya chake humfanya maskini afanane na mdanganyifu.

Tena, enyi mlioaminiwa mali za mayatima, madrasa au chama, msizichanganye na akaunti zenu. Mwenye mali anaweza kujitokeza mahakamani kuidai, lakini mpaka hapo yatima huenda akalala njaa kwa deni lisilo lake.

Ewe Mola, tulipie madeni yetu kwa halali, na utie huruma nyoyoni mwa wanaotudai. Amin.