Fa na Ti Hazikupotea

Mara nyingi, Shinyanga na hata Geita, nimemsikia mwalimu wa kwaya akiwaambia waimbaji kwamba nyimbo za Kisukuma "hazina sauti kamili". Neno hilo nimelisikia tangu utotoni. Leo nalijibu.

Mama yangu alikuwa kiongozi wa nyimbo za jembe katika mashamba ya pamba. Yeye akitoa, majirani wakiitikia, na majembe yakishuka kwa pamoja. Siku moja alijiunga na kwaya. Mwalimu akaandika ubaoni d r m f s l t, akamwambia apande. Mama akafika mi, akaenda so. Akarudishwa chini. Akafika mi, akaenda so tena. "Mayu, sikio lako limekufa," mwalimu akasema. Watu wakacheka. Nami nilicheka. Mama hakurudi tena kwenye kwaya ile, na hata shambani akawa anaimba kwa sauti ya chini, kama mtu mwenye deni.

Ndugu msomaji, tuhesabu basi, maana hesabu haina upendeleo. Ngazi ya shule ina sauti saba. Kutoka mi kwenda fa, na kutoka ti kwenda do, ni nusu hatua. Kwingine kote ni hatua nzima. Jumla hatua sita. Nyimbo za jembe nilizokulia zilisimama juu ya sauti tano: do, re, mi, so, la. Do hadi re hatua moja, re hadi mi moja, mi hadi so moja na nusu, so hadi la moja, la hadi do ya juu moja na nusu. Jumla? Sita zile zile. Kimo cha nyumba ni kimoja. Vipandio ndivyo vilivyopangwa vingine. Aliyefika mi akaenda so hakuruka kitu. Alikanyaga kipandio kilichofuata.

Wanaodai kwamba ngazi hii haina upatanifu nao wahesabu. Mwitikiaji akishika sauti ya pili kwa kuruka kipandio kimoja, re hukutana na so, mi na la, so na do, la na re. Kote umbali ni hatua mbili na nusu. Do na mi peke yake ndiyo hupungua, hatua mbili. Mtaalamu Gerhard Kubik ameueleza utaratibu wa namna hii katika uimbaji wa Wagogo wa Dodoma. Tena fa na ti zikigongana, walimu wa kale wa Ulaya waliuita mgongano huo shetani katika muziki. Ngazi ya sauti tano haina hata pa kumkalisha shetani huyo!

Wengine hukimbilia kinanda cha umeme, kana kwamba kimeshuka kutoka mbinguni. La hasha. Nusu hatua zake 12 zilisawazishwa na mafundi; mi yake iko juu kidogo kuliko mi itokayo katika mtetemo wa asili wa uzi. Na vile vibonyezo vyeusi, vitano katika kila ngazi, ni sauti tano zile zile tunazozidharau.

Kinachonichekesha zaidi ni kwamba mwalimu huyo huyo huongoza Amazing Grace huku machozi yakimlengalenga. Tuni yake ina sauti tano tu. Kwa mgeni ni utukufu, kwa mama yangu ni sikio lililokufa?

Sisemi tuchome vitabu vya solfa. Solfa ni kalamu nzuri, lakini kalamu si hakimu. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliingiza nyimbo na ngoma za Kisukuma katika ibada pale Bujora, karibu na Mwanza. Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao, mwaka 1963, uliagiza muziki wa jadi wa watu upewe heshima yake. Ikiwa mgeni aliweza kusikiliza, sisi tunashindwa na nini?

Mwalimu wa kwaya, kabla hujaandika ubaoni, mwombe mama mmoja mzee atoe wimbo wa jembe. Msikilize mpaka mwisho. Kisha andika alichoimba, si ulichotaka aimbe. Mimi nilipewa nafasi hiyo nyumbani kwetu kila msimu wa kulima, nikaitumia kucheka.